Mkate wa Babu Hilario

Rafiki yangu Anselmo, mtu wa Zacatecas, aliaibika mbele ya ukoo mzima. Siku ya Wafu mwaka jana, siku ambayo kwao marehemu hurudi nyumbani kula, alimwandalia babu yao mkuu mkate na pombe kali ya meskali, akamwita kwa jina kamili, kumbe ni marehemu wa ukoo mwingine! Mimi ndiye niliyemsaidia kumtafuta mtandaoni, na chakula cha huyo marehemu nilikionja.

Mwaka huu shangazi yake Eduviges, bibi wa miaka tisini na minne, akamwambia, "Nitafutie babu yangu wa kweli, kichwa maji wewe, kabla sijafa. Asiyeitwa kwa jina lake haijui njia ya nyumbani."

Anselmo akapekua jina la ukoo katika daftari za ubatizo kwenye kompyuta: Zendejas, Cendejas, Sendejas; kila karani wa kanisa aliandika alivyotaka. Nusura aivunje kompyuta. Siku ya Wafu yenyewe, alasiri, akampata babu wa kweli. Akaliandika jina la Babu Hilario, akaliweka mezani kando ya mkate, akaliita.

Usiku mvua ikashuka, umeme ukakatika. Gizani kiti kikalia kwiii, kisha mkate ukasikika ukitafunwa taratibu. Mara mlango ukagongwa.

"Shangazi," Anselmo akanong'ona, "babu anakula! Nani tena huyo mlangoni?"

"Babu ndiye anayegonga," akajibu shangazi. "Huyu wa mezani ni yule wa mwaka jana. Hajaondoka."