Kikohozi cha Chumba Namba Nne

Kikohozi kilisikika chumba namba nne, saa tisa alasiri, siku ya Jumanne. Kukohoa si ajabu, nani hakohoi? Ila chumba namba nne kilikuwa na kufuli mlangoni, na aliyekuwa akikaa humo alikuwa ameondoka wiki tatu nzima.

Cecilia alikuwa upande wa pili wa ukuta, chumba namba tatu, anachambua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo. Kikohozi kikaja tena, kikavu, kikifuatiwa na pumzi ndefu yenye mluzi ndani yake. Alikijua. Alikuwa amekisikiliza kwa miezi minane. Na mkono wake, wala hakuutuma, ukachukua mwiko ukagonga ukuta mara mbili, taratibu, kama alivyozoea.

Kikohozi kikazibika, kama mtu aliyejisukumia upindo wa khanga mdomoni.

"Yesu na Maria," alinong'ona Cecilia. Mchele ulimwagika wote.

Sasa ngoja niwaeleze nyumba yenyewe. Ilikuwa ya Bi Mwanaasha, pale Mwembesongo, Morogoro mjini, nyumba ya vyumba sita na korido katikati. Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, mitumba imejaa sokoni, na viwandani watu wanapunguzwa kazi kila mwezi, hata Yeremia, mume wa Cecilia, aliyekuwa fundi mitambo kiwandani, sasa alikuwa anafuata marobota ya nguo Dar es Salaam na kulala huko huko siku tatu, nne. Kila mwenye nyumba alipangisha mpaka stoo. Kuta za Bi Mwanaasha hazikufika juu kwenye bati, dari hamna. Ukipiga chafya namba moja, namba sita wanakuombea afya.

Watu wakikaa hivyo lazima wawe na utaratibu, la sivyo watatoana macho. Utaratibu wa nyumba ile aliuanzisha Cecilia mwenyewe. Jirani akikukera usimfokee. Gonga ukuta mara mbili, pole pole, naye atajua. Redio itapunguzwa, mtoto atanyamazishwa, mambo yataisha bila mtu kuonana na mtu uso kwa uso. Wapangaji waliupenda sana. Cecilia, au Mama Ana kama walivyomwita kwa jina la binti yake Anastasia, ndiye aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa maji na wa zamu ya kufagia uani. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Mngekuwa wote kama Mama Ana," Bi Mwanaasha alipenda kusema, "mimi ningezeeka vizuri." Na Cecilia alilipenda jina hilo jema kuliko alivyopenda kitu kingine chochote alichokuwa nacho. Nasema hivyo nikijua ninachosema.

Wa chumba namba nne alikuwa Sabra, mjane kijana kutoka Matombo, aliyeuza karafuu na mdalasini wa kwao sokoni. Mtu mpole, hana makuu. Tatizo lake lilikuwa hicho kikohozi. Cecilia akigonga, Sabra hujibu kupitia juu ya ukuta, "Samahani, dada," kisha anakohoa ndani ya khanga mpaka unasikia kitanda kinatikisika.

Na Cecilia alichoka. Mtu kuchoka si dhambi. Lakini hakwenda kwa Sabra kumwambia, "Mdogo wangu, kifua hicho twende tukakionyeshe." Alikwenda chumbani kwa Bi Mwanaasha mchana mmoja, Sabra akiwa sokoni, akafunga mlango, akasema maneno yake kwa ile sauti yake laini. Wiki ile ile Sabra akaambiwa kuna mpwa wa mwenye nyumba anakuja, chumba kinatakiwa.

Aliondoka mvua za masika zimechachamaa. Cecilia alimsaidia kufunga mizigo. Alimpa doti ya khanga, mpya kabisa, na akalia, machozi ya kweli jamani, yakimtoka. Sabra akamshika mikono yote miwili. "Mama Ana," alisema, "katika nyumba hii ndugu yangu ulikuwa wewe peke yako."

Mpwa hakuja. Iliyokuja ni habari, kwa mdomo wa wauza ndizi. Gari la Matombo lilikwama kwenye tope njiani, abiria wakatembea usiku kucha wakinyeshewa, na Sabra alifika kwa mama yake akiwa amebebwa. Siku ya tano akafa. Na zahanati, alisema muuza ndizi, walisema kifuani alikuwa na pumu tu. Pumu ya kurithi.

Cecilia aliposikia neno hilo, pumu, uso ulimwaka kama aliyeinamia chungu cha mvuke. Akasema, "Maskini, Mungu amrehemu," akaingia ndani akakaa kitandani, hakuwasha hata jiko siku ile.

Baada ya kikohozi cha Jumanne kikaja cha Jumatano, na cha Alhamisi. Saa tisa, saa kumi, jua bado linawaka uani. Kisha harufu. Karafuu, ila karafuu zilizolowa, zile zinazovunda gunia likiachwa kwenye maji. Harufu ilitambaa korido nzima ikaingia kwenye maji ya kunywa, ikaingia kwenye wali, na Shamimu wa chumba namba mbili akatapika mbele ya watu. Wapangaji wakaanza kuongea kwa kunong'ona. Bi Mwanaasha akafungua kufuli mchana kweupe, watu wote nyuma yake. Chumba kitupu, sakafu imefagiliwa, hamna hata sisimizi. Wakafunga. Hawajafika uani, kikohozi hicho.

"Astaghfirullah," alisema Bi Mwanaasha. "Nyumba yangu imeingiliwa."

Akaitwa Mzee Twalibu, mganga wa Kingolwira, jirani na stesheni. Mzee mfupi, ana koti la suti na kandambili. Alifika mchana baada ya adhuhuri, akakaa tako moja kwenye kibaraza cha uani, akasikiliza. Hakukaa sana.

"Marehemu hayumo humu," alisema. "Yeye kalala kwao, kapumzika. Huyu ni jini la ukoo wake, lilikuwa naye tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Halina ubaya. Lakini Sabra wake alitolewa hapa kwa hila, nalo linamjua aliyemtoa."

"Nilimtoa mimi," alisema Bi Mwanaasha, kichwa chini. "Nilisema uongo kuhusu mpwa."

"Wewe ulifungua mlango, mama. Kuna mtu alikusukuma mkono." Bi Mwanaasha akainua macho, yakaenda moja kwa moja kuelekea kwa Cecilia, na mganga akamwahi. "Nyamaza! Usimtaje. Ukimtaja wewe haitasaidia. Namtaka mwenyewe, kwa kinywa chake."

Akaweka ubani juu ya kaa. Moshi ukanyooka kwenda juu.

"Aliyemsema Sabra aseme sasa, mbele ya hawa hawa aliokaa nao. Akisema, jini litatoka na moshi huu, halitarudi. Ubani ukiisha hajasema, litamsemea lenyewe. Jini halina sauti yake, huazima. Na likishazoea kumsemea mtu haliachi."

Cecilia alikuwa amesimama karibu na kamba ya kuanikia, na maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni, matatu tu, *ni mimi hapa*. Akaangalia nyuso za wapangaji, zote zilikuwa zikimtazama yeye kama zilivyozoea kumtazama kukiwa na ugomvi, zikingoja Mama Ana aseme la busara. Ulimi ukagoma.

Kisha mtu akasema, "Si Shamimu? Huyu si ndiye aliyegombana naye kamba ya nguo?" Mwingine akadakia. Na mwingine. Mnajua watu wakishapata pa kutua.

Kweli Shamimu alikuwa na mdomo mchafu. Alikuwa amemtukana Sabra hadharani kwa shuka lililodondoshwa, mtaa mzima ukasikia. Lakini ndiye huyo huyo aliyempeleka hospitali kwa baiskeli siku alipozidiwa, jambo hilo hakuna aliyelikumbuka. Alijitetea, akaapa, akalia kamasi zikatoka. Mwisho akachoka.

"Haya! Kama mnataka mtu, basi semeni mimi. Nilimtukana, ndiyo. Labda ndiyo hayo matusi."

Ubani ulikuwa umebaki punje. Na Cecilia, huyu mwanamke ambaye hamjamsikia akipaza sauti, alisogea, akamweka Shamimu mkono begani, akamfuta machozi kwa upindo wa khanga yake, akasema, "Usilie, mdogo wangu. Mungu ni mwenye huruma. Atakusamehe."

Moshi ukakatika.

Na hapo ndani ya chumba namba nne, nyuma ya kufuli, kikohozi kilisikika mara moja kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuhutubia, kisha ikatoka sauti, wala si ya Sabra, sauti laini, ya chini chini, yenye kicheko kidogo cha heshima mwishoni mwa kila sentensi, ikapita juu ya ukuta usiofika kwenye bati, ikashuka uani katikati ya watu na jua likiwaka, ikasema, "Mimi sina neno naye kabisa, Bi Mwanaasha, ni binti mstaarabu, tena namwonea huruma, ila wewe mwenyewe unaona anavyokonda, na bafu ni moja, na vikombe tunaazimana, na huo ugonjwa wa siku hizi hauna dawa, mimi simsemi vibaya, nafikiria watoto tu, na ukimtoa usimwambie kwamba ni mimi, maana ananichukulia kama dada yake, hee hee, na ningependa tuagane vizuri," na ilipomaliza ikaanza upya, neno kwa neno, na kicheko mahali pake, huku Cecilia mwenye sauti hiyo akiwa amesimama pale na mdomo umefumbwa na mkono bado uko begani kwa Shamimu.

Shamimu aliutoa ule mkono taratibu, kwa vidole viwili.

"Kumbe," alisema. "Simba mwenda pole."

Hapo ndipo Cecilia alipopiga kelele kwa mara ya kwanza katika nyumba ile. "Ni mimi! Nimekubali, ni mimi, mzee, weka ubani mwingine! Nilisema mimi!"

Mzee Twalibu alikuwa anamwagia kaa maji. "Umekubali kilichokwisha kusikika, mwanangu," alisema. Hakukasirika. Alimtazama kama mtu anavyotazama gari lililokwishaondoka stesheni. "Nenda Matombo ukamwombe radhi mama yake. Itakusaidia kwa Mungu. Kwa hili, sijui."

Jioni ile kikohozi hakikusikika, na harufu ya karafuu iliisha. Watu wakashukuru, wakalala. Cecilia hakulala. Alikuwa ameona, wenzake wakitawanyika uani, ule mlango namba nne ukitikisika kidogo kwa ndani, kama mtu anapoegemea akitoka.

Matombo alikwenda. Mama yake Sabra alimpokea kwa ndizi na maji ya kunawa, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Nimekusikia, mwanangu. Sasa nenda, giza lisikukute." Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Cecilia alirudi anatembea kichwa chini, na mwezi ule ule akamwomba Yeremia wahame.

Walipata chumba Kihonda, nyumba nyingine, watu wengine, hakuna anayemjua. Kuta zilifika juu kabisa. Wiki mbili za mwanzo Cecilia hakuongea na mtu zaidi ya salamu. Aliogopa. Ya tatu akaanza kupumua.

Chumba cha pili alikaa Magreth, mama mwenye mtoto wa miezi minne, mtoto wa kulia, mchana analia, jioni analia. Jumamosi moja asubuhi Magreth akaja mlangoni, mtoto kampakata mkono mmoja, mkono wa pili sahani ya vitumbua vya moto, kafunika kwa kitambaa. Macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Hodi, dada. Nimekuletea vitumbua. Najua mwanangu anawakera, naona aibu kweli. Kama anakusumbua niambie tu, usinifiche."

Na Cecilia aliguswa, safari hii aliguswa kweli. Alipokea sahani. Alitabasamu. Alikuwa na jibu tayari, jibu zuri, kwamba watoto ni wetu sote na kilio ni afya. Akafungua mdomo.

Nyuma yake, chumbani, ambako hakukuwa na mtu, kitu kikasafisha koo.

"Unaniletea vitumbua," ilisema ile sauti laini, na kicheko chake, "kama vile mimi nina njaa ya kitu kingine zaidi ya usingizi. Hicho kitoto chako, mama, kingekufa tu tukapumzika."

Magreth alirudi nyuma hatua moja, akamkumbatia mwanawe kwa mikono yote miwili, akimtazama Cecilia usoni, mdomo wa Cecilia ukiwa wazi bado. Cecilia alitaka kumwambia si mimi, dada, nakuapia, hilo ni jini. Lakini alisimama pale na sahani mkononi, vitumbua vikipoa, hakusema, kwa sababu katika maneno yale yote hakuwa amesikia hata moja ambalo halikuwa lake.