Nyumba Iliyozibwa Nyufa

Nilipofika kwa Mama Truphosa, muuza makaa, debe lilikuwa limebaki moja tu, na jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mashamba ya ngano. Ilikuwa Julai, mwaka wa 1956. Ukungu ulikuwa umelala juu ya Mau Narok tangu asubuhi. Hiyo ilikuwa wiki yangu ya tatu ya ualimu. Watoto walienda kwao saa nane, na baada ya hapo sikuwa na wa kusema naye mpaka kesho.

"Mwalimu, bado unalala kwa ile nyumba ya Darweshi?"

"Bado, mama."

"Umesoma mpaka ukasahau kuogopa!" Alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Darweshi alikuwa fundi cherehani kutoka Nakuru mjini. Mwaka uliotangulia walimkuta amekufa kitandani, hana jeraha, midomo myekundu kama iliyopakwa rangi.

"Ni mwanamke," alininong'oneza. "Anakuja na baridi. Anaanza na kichwa. Kinauma, kinauma... halafu miguu inakufa. Halafu anakukalia kifuani." Akanitilia matambara kwenye gunia. "Ziba kila ufa. Yeye ni mwembamba kama ukungu."

Nikaziba. Chini ya mlango, dirishani, pale mabati yanapokutana na ukuta. Jiko nikaliweka karibu na kitanda. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi, hayana harufu. Nikajilaza. Joto likanikumbatia.

Kichwa kikaanza kuuma.

Nilidhani ni uchovu. Masikioni mwangu kitu kilipiga, polepole... du... du... du... Taa niliiona mbili, kisha tatu.

Kitanda kikabonyea upande wa miguuni.

Nilitaka kupiga kelele. Miguu haikuwa yangu tena. Uzito ulipanda magotini, ukapanda tumboni, ukatua kifuani. Uso sikuuona. Niliona nywele tu, zenye unyevu... au lilikuwa koti langu lililoning'inia ukutani, sijui. Ninachokijua naona haya kukisema. Hofu ilipita upesi. Nilifurahi kwamba kuna mtu.

"Kaa," nikanong'ona.

Mlango ukavunjika.

Alikuwa Kosgei, mlinzi wa ghala la ngano. Alinikamata makwapani akanikokota mpaka nje, kwenye nyasi zenye umande. Nikatapika.

"Kila jioni nikipita naona taa yako kwa nyufa," alisema akihema. "Leo nyumba ni nyeusi kabisa. Nani alikuambia ujizike mzima?"

"Mwanamke... alikuwa kifuani..."

"Mwanamke gani! Ni makaa, mwalimu. Hata yakiwa mekundu hivyo, yanatoa sumu ambayo pua haiisikii. Jiko linawashwa nje, linabaki nje, halilali na mtu. Na dirisha uliache wazi, hata vidole vinne. Baridi ikuume tu, utavaa koti. Chuo chote hicho, hawakuwafundisha?"



Asubuhi tulienda pamoja kwa Mama Truphosa. Aliposikia, alikaa chini palepale kwenye vumbi la makaa.

"Darweshi pia ni mimi nilimpa matambara," alisema.

"Na jiko alikuwa nalo ndani?" Kosgei akauliza.

"Alikuwa nalo."

"Basi umesikia, mwalimu. Hakuna mwanamke."

Mama Truphosa alijifuta macho kwa kanga. Alipozungumza tena, aliniangalia mimi, si Kosgei.

"Lakini matambara aliyaomba mwenyewe. Alikuwa ameshamwona siku tatu. Na siku hizo tatu hakuwa na jiko. Makaa alinunua kwangu siku ya nne."

Kosgei alitema mate pembeni, akaenda zake kulala.

Tangu siku hiyo jiko langu linalala nje, chini ya bati. Matambara niliyachoma. Dirisha liko wazi vidole vinne, chumba kimejaa baridi ya Mau, na kichwa changu hakiumi hata kidogo.

Jana kitanda kilibonyea.

Sikupiga kelele. Nilisogea ukutani, nikamwachia nafasi.