Aliyeomba Ufunguo

Saa saba mchana mjane wa seremala aliepua sufuria, akageukia mlango wa karakana na kuita kama alivyoita kwa miaka ishirini na mitatu: "Mzee wa Mbao, chakula!"

Mlango ule, uliotenganisha jiko na karakana, ulikuwa umefungwa tangu siku ya mazishi. Alijua hakuna mtu ndani. Lakini ulimi una mazoea yake, na kila mchana wito ulimtoka. Wifi yake, aliyebaki kumliwaza baada ya matanga, alizoea kumtania: "Kaka yangu alipokuwa hai hakuitika mpaka aitwe mara tatu. Sasa ndiyo aitike ya kwanza?"

Siku hiyo wifi alikuwa ameenda sokoni. Na wito uliitikiwa mara ya kwanza.

"Naja, mke wangu. Namalizia ubao huu."

Randa ikaanza kuteleza juu ya mbao, taratibu, kwa mkono unaojua kazi. Harufu ya vanishi ikapenya chini ya mlango.

Mwiko ulimponyoka. "Ni nani?"

"Umeniita siku zote hizi, halafu unaniuliza mimi nani? Nimefufuka. Si ndicho ulichokuwa ukiomba? Chukua ufunguo hapo msumarini, unifungulie."

Ndicho alichokuwa akiomba, Mungu alijua, kila usiku, uso ukiwa ndani ya shati la marehemu. Aliutungua ufunguo. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa alipokumbuka kidole.

"Nipitishie mkono wa kushoto hapo chini," alinong'ona.

Msumeno ulikuwa umekula kidole cha shahada cha mkono huo wa mumewe mwaka walipooana. Mkono ukatokeza chini ya mlango, mweupe kwa vumbi la mbao, ukiwa na vidole vitano vizima.

"Huko nilikotoka hakuna kilema," sauti ilisema kwa upole. "Fungua, mama."

Maneno yalikuwa matamu, na moyo wake wenye njaa ukayameza, akauingiza ufunguo tunduni, akaanza kuuzungusha, huku machozi yakimtiririka na harufu ya vanishi ikigeuka polepole kuwa harufu ya udongo uliofukuliwa, na ndani ya harufu hiyo akakumbuka maneno ya mchungaji kaburini, kwamba Bwana alipofufuka alikuja na makovu yake mikononi, na aliingia walimokuwa wanafunzi wake milango ikiwa imefungwa, wala hakumbishia mtu hodi.

Akauchomoa ufunguo.

"Mume wangu amelala," alisema. "Ataamshwa na Bwana, si na mimi. Na siku hiyo hataniomba ufunguo. Kwa jina la Yesu, toka!"

Vidole vitano vikajikunja kimoja kimoja, vikarudi ndani.

Wifi aliporudi alisimuliwa yote. Jioni mchungaji aliitwa, akaja, akaomba mpaka fulana ikamganda mgongoni. "Dada," alimwambia, "aliyelala haitwi. Ukiita, hujui nani atakuitikia. Mlango huo usifunguliwe mpaka nirudi Jumapili na wazee wa kanisa."

Alipoondoka, mjane alimkabidhi wifi yake ufunguo. "Kaa nao wewe, wifi. Moyo wangu siuamini."

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia."

Kesho yake saa saba aliepua sufuria, akajifunga mdomo kwa upande wa kanga. Hakuita. Karakana ilikuwa kimya, nyumba nzima ilikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alihisi kwamba mumewe amepumzika kweli. Akatoka uani kuanua nguo, akiimba kwa sauti ya chini.

Aliporudi, wifi alikuwa amesimama katikati ya jiko, anahema, mikono ina vumbi la mbao.

"Wifi, uko huku? Na aliyekuwa akipiga kelele kule ndani ni nani?"

"Kelele gani?"

"Si wewe? Sauti yako kabisa. Unalia kwamba mlango umejifunga ukiwa ndani, nije haraka nikutoe." Akatazama ufunguo uliokuwa mkononi mwake. "Sikujiuliza ungeingiaje bila ufunguo. Nimefungua."

Nyuma yake mlango ulikuwa wazi. Harufu ya udongo ilikuwa imeshajaa jikoni. Mjane hakutazama kule. Alimshika wifi yake mkono, wakapiga magoti kando ya sufuria, akaanza, polepole, neno kwa neno: "Nasadiki ufufuo wa wafu..."

Sauti ya tatu ikaungana nao, ikitamka kila neno bila kukosea.