Upande wa Nyuma wa Kadi

Jumanne ya tarehe sita Oktoba, saa nne na dakika kumi asubuhi, jua la Korogwe likiwa limekwisha kukausha umande kwenye majani ya mkonge, Mwatumu alimwita karani mwenzake, naye hakuitika.

"Laurenti!"

Laurenti alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka kwake, ndani ya masjala ya shamba, akiutazama ukuta.

"Umekuwa kiziwi, au nikuandikie barua?"

Mwatumu akaisoma kwa sauti namba ya jalada alilolitaka: mia sita na nane. Laurenti akasimama wima, mikono ubavuni.

"Nipo, bwana."

Wiki iliyotangulia, Laurenti ndiye aliyewasha kiberiti. Kampuni ilikuwa ikiwania tuzo ya kimataifa ya utunzaji wa kumbukumbu na taarifa, na meneja, Benedicto, alitaka masjala isiyo na karatasi hata moja. Kadi za manamba, wale vibarua waliosafirishwa kutoka mbali enzi za mkoloni kuja kukata mkonge, zilipitishwa kwenye skana, kisha zikachomwa. Mbele ya kila kadi palikuwa na namba. Jina lilikuwa nyuma, kwa penseli.

"Meneja, tunapiga picha upande mmoja tu," Mwatumu alikuwa amesema.

"Mama Mwatumu, mfumo hauna nafasi ya upande wa nyuma. Chomeni."

Naye Mwatumu akatia saini hati ya uteketezaji.

Kufika adhuhuri ya Jumanne hiyo, chumba kilinuka mkonge mbichi uliochakatwa, ilhali kiwanda kilikuwa kimelala miaka mingi. Na kila Laurenti alipopiga hatua moja, nyuma yake zilisikika hatua nyingine za miguu mitupu, nzito, za watu waliochoka, zikipanga foleni kati ya makabati matupu, zikisogea, zikisimama, zikisogea tena, hata Mwatumu akabana mgongo mlangoni asijue kama anazuia kitu kisiingie au kisitoke.

Saa tisa, Joyceline, mke wa Laurenti, alifika na mganga kutoka Mashewa, Mzee Sadala.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwatumu.

"Marahaba. Huyu anaitwa nani?"

"Tangu alfajiri namwita Laurenti, ananijibu namba," Joyceline alinong'ona. "Mume wangu hanijui."

Mganga aliweka sikio kifuani pa mgonjwa, akalitoa upesi.

"Jini hili limejivika watu mliowavua majina. Watatoka mmoja mmoja wakiitwa, na wa mwisho akitoka, mumeo atarudi. Leteni majina."

"Tuliyachoma," alisema Mwatumu.

"Yote?"

Kwa miaka ishirini na sita Mwatumu alikuwa amezifuta vumbi kadi zile, mbele na nyuma. Alifumba macho.

"Masanja Shija."

Kifua cha Laurenti kilishuka. "Nipo." Miguu mitupu ikapita mlangoni, ikaishia uani. Mzee Sadala akatia punje ya mahindi katika bakuli.

"Ruhaga Ntibona. Liyumba Namkaa."

Aliita, akaita, majina yakimjia, kila moja kwa mwandiko wake, kwa madoa yake ya chai, mpaka simu ilipolia. Ilikuwa ya Benedicto, kutoka ng'ambo.

"Mama Mwatumu, tumeshinda! Ukumbi mzima umesimama! Wanasema hakuna taarifa hata moja iliyopotea!"

Mwatumu akakata simu. Jina lililokuwa kwenye ncha ya ulimi lilikuwa limekwenda, na yaliyolifuata yakaenda nalo.

"Endelea, dada," Joyceline alimsihi, amemshika mumewe kiganja. "Nakuomba."

"Nimeishiwa."

Mzee Sadala alihesabu punje taratibu. "Arobaini na saba."

"Na waliosalia ni wangapi?" aliuliza Joyceline.

Laurenti ndiye aliyejibu, macho yangali ukutani, kwa sauti nyingi zilizotoka katika kinywa kimoja:

"Mia mbili sitini na tano."