Viatu Vitano vya Kushoto

Ngazi ilitoweka saa sita na dakika tano mchana, na Inspekta aliiona kwa macho yake ikienda. Ilipanda kipandio kwa kipandio, ikichuruzika maji, ikapita mdomo wa shimo na kupotea. Yeye wakati huo alikuwa ameketi ndani ya tyubu ya lori katikati ya maji, kwa kuwa miaka ishirini na miwili ya kukamata wezi haikumfundisha kuogelea.

Akapiga ukelele. Shimo likamrudishia mara tatu, kisha kukawa kimya.

Lilikuwa shimo la asili, la mviringo, lenye kuta za mawe za kimo cha ghorofa mbili. Chini yake maji yalikuwa ya kijani, safi hata kucha za miguu zinahesabika. Wasafiri huja kutoka mbali kuogelea humo. Njia ya kushuka ni moja tu, ngazi ya kamba, na ya kupanda ni hiyo hiyo.

Waliokuwa chini walikuwa watano, wote wa nyumba moja ya wageni: Inspekta, mkewe aitwaye Mama Mapacha, mwalimu mstaafu mwenye daftari la kuorodhesha kila shimo na kila wangwa wa bahari alioogelea, na bwana na bibi harusi ambao tangu asubuhi hawakuwa wameachiana mikono, hata majini.

Basi la kurudi mjini lilikuwa la saa nane, na hilo ndilo lililomkaba Inspekta roho. Likizo yake ilikuwa ya siku saba, ya kwanza tangu mapacha wazaliwe, na mapacha sasa wana ndevu. Siku ya pili tu, asubuhi hiyo, mkuu wake alipiga simu: ghala limevunjwa, arudi. Akakubali kabla hata hajamaliza kusikiliza. Mama Mapacha hakugomba. Alisema tu kwamba waogelee kwanza nusu saa, ndipo waende. Inspekta alishukuru moyoni kwa kujaliwa mke mwelewa.

"Mtu asiguse kitu," alisema sasa, akipiga maji kwa viganja kuelekea kwenye jiwe pana walipoketi wenzake. "Hili ni eneo la tukio."

Tyubu ikazunguka, akajikuta anahutubia ukuta. Ilibidi bwana harusi aingie majini kumgeuza.

Alianza na lile walilolijua wote. Mzee mtunza ngazi alikuwa na utaratibu wake. Kila anayeshuka hutundika kiatu chake cha kushoto kwenye ubao wa misumari ulio ukingoni. Kiatu kikiwapo, mtu yumo majini. Misumari ikiwa mitupu, mzee huvuta ngazi na kwenda zake kula. Kuchungulia shimoni hachungulii kamwe. Aliwaeleza asubuhi kwamba zamani aliwahi kuchungulia, akamkuta mke wa hakimu anajisugua mgongo, na kesi hiyo ilichukua miezi mitatu kwisha. Tangu siku hiyo anaamini viatu tu.

Inspekta akainua macho. Ubao ulionekana vizuri kutoka chini. Misumari yote ilikuwa mitupu.

"Basi mwizi hakuiba ngazi," alisema. "Kaiba viatu. Ngazi imeondoka kihalali."

Akamgeukia mwalimu.

"Ulishuka wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Mara ya mwisho kutazama juu uliona nini?"

"Viatu vinne. Mkeo alikuwa bado hajashuka. Na chako kilikuwa kimeachia soli."

"Soli haihusiani."

"Umeniuliza nilichoona."

Inspekta alilipita jibu lile bila hata kulisalimia. Yeye ndiye huwaambia askari wapya kila mwaka kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Leo alikuwa na kaptula tupu, akasahau kujipekua.

Maharusi ndio waliomtia shaka. Asubuhi kwenye kibanda cha kuvulia nguo alimsikia mmoja wao akitamani dunia iwasahau humo. Aliuliza ni nani. Bibi harusi akainamisha uso, akakiri kwamba ni yeye, ila hakukusudia wasahauliwe pamoja na wazee.

Upelelezi ukakwama hapo. Saa ikasonga hadi saa saba. Mama Mapacha akafungua kikapu chake, akamimina chai, akagawa mikate iliyopakwa siagi na mayai ya kuchemsha. Inspekta alivutwa hadi kwenye jiwe. Alikula yai la kwanza kwa hasira na la pili kwa njaa. La tatu likamsimama kooni. Akavitazama vikombe. Vilikuwa vitano.

"Mama Mapacha, tulikuja kuogelea nusu saa."

"Ndiyo."

"Mtu wa nusu saa habebi chupa ya chai."

"Hubeba, akiwa na mume anayesahau kula."

"Na vikombe vya watu watano?"

Mama Mapacha akapangusa makombo mapajani.

"Nani alishuka wa mwisho?" Inspekta akauliza.

"Mimi. Nilisema nimesahau taulo."

"Chini ya hilo taulo kuna nini?"

Akalitoa taulo kikapuni, akapanga viatu juu ya jiwe, kimoja kimoja. Cha mwisho kilikuwa na soli iliyoachia.

"Nimeviondoa mimi," alisema. "Nilimuuliza mzee anarudi saa ngapi kutoka kula. Akasema saa nane na nusu. Basi linaondoka saa nane."

"Kwa nini?"

"Miaka kumi na tisa nakula na kiti chako. Mapacha wanazaliwa, uko kwenye tukio. Mama yangu anazikwa, unakuja na pingu mfukoni, unaondoka kabla kaburi halijajaa. Ghala litavunjwa tena, baba. Nilitaka mahali pamoja tu ambapo hata ukiitwa huwezi kwenda." Akawageukia wenzake. "Nanyi mnisamehe. Ndiyo maana niliwachemshia mayai."

Mwalimu akasema yeye amekwisha kusamehe, ila chumvi ingefaa.

Inspekta alitafuta yale maneno ya kumwonya mtuhumiwa, ambayo huyasema hata usingizini. Hakuyapata. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa nzito kuliko ile kesi.

Mara sauti ikatoka juu. Mtunza ngazi alikuwa amesahau kofia, akarudi kuichukua, akasikia watu. Alikuwa amegeuzia uso upande wa pili, akiomba radhi kwa miti. Ngazi ikashuka. Ilikuwa saa saba na nusu, na kituo cha basi hakikuwa mbali.

Mama Mapacha akamsogezea kiatu bila kumtazama. "Haya. Utawahi."

Inspekta akakiokota. Akakiokota na cha mkewe, akamkabidhi bwana harusi aliyekuwa ameshika ngazi.

"Mwanangu, ukifika juu vitundike hivi viwili. Mwambie mzee asivute ngazi mpaka wenyewe tuvifuate."

Kisha akaisukumia tyubu kando, akaingia majini hadi kifuani, akanyoosha mikono miwili kwa mkewe.

"Usiniachie," alisema.

"Mimi sijawahi kuachia," Mama Mapacha akajibu, akamshika.

Juu, ndani ya kisanduku ambamo mzee huwatunzia waogeleaji simu zao, simu ya Inspekta ikaanza kuita. Shimo likaurudia mlio wake mara tatu. Inspekta alikuwa amelala chali juu ya maji, masikio yamezama, anajifunza kuelea.