Mapendo na Mvua ya Mawe

Asubuhi nyumbani kwa Gentrix huanza kwa kelele. Jogoo huwika, trekta za miwa hupita zikielekea kiwandani, na binti yake, Beverly, hugombania sabuni na baba yake, Phanuel.

"Baba, unamalizanga povu lote!"

"Mimi mkata miwa nina masizi. Wewe una nini?"

Siku hiyo wote walicheka isipokuwa Mapendo. Alikuwa ameketi kizingitini, amevaa sare mpya ya shule. Umri wake ni miaka tisa. Mama yake ni dada mkubwa wa Gentrix, aliyeolewa Kongo. Vita vilipofika kwao, wao na familia nyingine nyingi walikimbilia shuleni na kulala darasani juu ya mikeka. Mchana mmoja bomu liliangukia paa. Mapendo alitoka mzima. Mama yake aliumia mguu. Alipokuwa akitibiwa, alimtuma mtoto kwa mdogo wake huku Kabras, Kakamega.

"Mama mdogo, niko naogopa," Mapendo alisema.

Gentrix alimkumbatia. "Usiogope, mama. Shule yetu haina kelele. Hutasikia kitu juu ya paa."

Aliyasema kwa upendo. Lakini nani amekaa Kakamega asijue mvua yetu? Mchana huohuo wingu jeusi lilitanda, radi ikapasuka, na mvua ya mawe ikashuka juu ya mabati ya darasa. Watoto walishangilia. Mapendo aliruka dirishani, akatokomea kwenye miwa. Walimpata jioni, amejikunja.

Tangu siku hiyo alikataa shule. Hata kumwangalia Gentrix usoni hakutaka.

"Ulinidanganya," alimwambia mara moja tu.

Maneno hayo yalimchoma Gentrix. Aliogopa kwamba mtoto hatamwamini tena, wala hatasoma tena.

"Huyu ni mkaidi," Phanuel alisema. "Kesho nitambeba begani kama mzigo wa miwa."

"Na kesho kutwa utambeba tena, Baba Beverly?"

Aliyeuliza alikuwa Awinja, jirani yao, mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuwa amekuja kurudisha ungo.

"Karibu, Awinja. Basi tufanye nini? Mvua haifungwi kamba," Phanuel alijibu.

Awinja aliketi. "Mtoto si mkaidi. Mwili wake unakumbuka. Mabati yakilia, mwili unamwambia kimbia, kwa sababu siku ile kukimbia ndiko kulimwokoa. Msimlazimishe, wala msimcheke. Mwambieni ukweli. Kelele itakuja. Ni kelele ya kitu gani? Mlango uko wapi? Akishajua hayo, aende pole pole, na mtu anayemwamini."

Gentrix alikwenda kuketi karibu na Mapendo, wakachambua maharagwe.

"Mama, nilikudanganya. Hapa mvua inapiganga mabati mpaka mtu hasikii jina lake. Nisamehe."

Mapendo alichagua punje mbovu, akaitupa. Kisha akauliza, "Kwa nini walipiga shule? Tulikosa nini?"

Gentrix aliacha kuchambua. Alimtazama Awinja.

"Hamkukosa kitu," Awinja alisema. "Hata vita vina sheria, mtoto wangu. Shule ni ya watoto. Watu wasio na silaha waliojificha humo hawapaswi kupigwa. Aliyewapiga ndiye mwenye kosa. Na askari nao hawafai kufanya darasa kambi yao. Bunduki ikiingia shuleni, inaita hatari."

"Mama alisema hivyo pia," Mapendo alisema. "Nilidhani ananibembeleza tu."

Mvua iliyofuata iliwakuta wote jikoni. Gentrix alimshika mkono.

"Hiyo ni radi. Sasa mawe yanakuja. Mlango uko wazi, ule pale."

Mabati yakalia. Mapendo akafumba macho, akambana Gentrix mpaka vidole vikamuuma. Beverly akachomoka nje, akarudi na mawe ya mvua mkononi, moja likiwa tayari mdomoni.

"Shika!"

Mapendo alilishika moja. "Hii ndiyo inapiga paa?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Aliliangalia mpaka likawa maji. "Bomu haliyeyuki," alisema polepole. Akatia jingine mdomoni. "Baridi!"

Phanuel akatoka mbio kuongeza mengine, akateleza, akakaa matopeni pwaa! Mapendo akacheka. Walikuwa hawajawahi kusikia kicheko chake. Kumbe kilikuwa kikubwa kuliko mtoto mwenyewe!

Gentrix alikwenda kuzungumza na Mwalimu Kibiwott wa darasa la Mapendo, naye akakubali mtoto arudi pole pole. Kwanza Mapendo alikaa na Beverly kwenye baraza, madarasa yakiwa matupu. Halafu akapewa dawati karibu na mlango, na mlango ukaachwa wazi. Akiogopa, alinyoosha mkono na kutoka kupumua barazani. Hakuna aliyemuuliza neno. Alitoka mara nyingi, baadaye mara chache.

Siku moja Gentrix alikuwa akiosha vyombo, mvua ya mawe ikaanza. Alijifunika sufuria ya ugali kichwani, akakimbia hadi shuleni. Ngo! Ngo! Ngo! Mawe yaligonga sufuria njia nzima.

Alifika mlangoni amelowa chapachapa. Darasa zima likaangua kicheko.

"Mama Beverly!" Mwalimu Kibiwott alipaza sauti. "Umekuja kutupikia?"

Gentrix alichungulia ndani. Macho yake yalimtafuta mtoto mmoja tu. Mapendo alikuwa kwenye dawati lake, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Lakini alikuwa ameketi.

Alimwona Gentrix. Akasimama, akamnyooshea mkono.

"Mama mdogo, unalowa bure," alisema. "Ingia. Huku ndani hakunyeshi."

Akasogea kwenye dawati, akamwachia nafasi.