Vitambaa vya Bibi na Picha za Nyumba

Jumamosi, saa tatu asubuhi, dalali alifika nyumbani kwa kina Tumpe, mjini Mbeya. Alikuja kupiga picha za nyumba.

Nyumba ilikuwa inauzwa. Tumpe alikuwa na miaka sita, na alijua kwa nini inauzwa.

Baba alikuwa amepata kazi Dodoma. Alikuwa huko peke yake tangu Pasaka.

Nyumba ikipata mtu, Mama, Bibi na Tumpe watamfuata Baba. Isipopata mtu, watabaki Mbeya.

Tumpe hakutaka kubaki. Alimtaka Baba.

Dalali aliitwa Bwana Sengo. Alikuwa na pikipiki, kamera na haraka.

"Shikamoo, Bibi," alisema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Chai iko tayari."

"Asante, Bibi, nimeshiba. Nina haraka kidogo."

Bibi alimtazama.

Bwana Sengo aliingia sebuleni. Akasimama.

Kulikuwa na kitambaa juu ya kila kochi. Kulikuwa na kitambaa juu ya televisheni. Kulikuwa na kitambaa juu ya redio, na juu ya kitambaa hicho kulikuwa na kitambaa kingine.

Vyote vilikuwa vyeupe, vyenye maua mekundu. Vyote alivifuma Bibi.

"Mama Tumpe," alisema Bwana Sengo, "hivi vyote vitoke. Mnunuzi anataka kuona nyumba. Hapa ataona vitambaa."

Mama na Tumpe wakaanza kazi.

Toa, kunja, kapuni! Toa, kunja, kapuni!

Tumpe alipeleka kikapu chumbani. Bwana Sengo alitoka kuchukua miguu ya kamera kwenye pikipiki.

Akarudi. Akainua kamera. Akaishusha.

"Mama Tumpe, hiki ni nini?"

Kwenye kochi kubwa kulikuwa na kitambaa cheupe chenye maua mekundu.

"Tumpe!" alisema Mama.

"Siyo mimi!"

Mama alishusha pumzi. Fyuuu! "Haya. Tunaanza tena."

Toa, kunja, kapuni!

"Tuanze na jikoni kwanza," alisema Bwana Sengo. "Jikoni hakuna mambo mengi."

Jikoni kulikuwa na kuku.

"Shii! Shii!" Bwana Sengo na Tumpe walimfukuza mpaka uani. Ko-ko-ko-ko! Kuku akatoka, akarudi, akatoka tena.

Bwana Sengo alipogeuka, kulikuwa na kitambaa juu ya friji. Kulikuwa na kingine juu ya jagi.

"Tumpe!" alisema Mama.

"Siyo mimi, Mama! Nilikuwa namfukuza kuku!"

Bwana Sengo alitazama saa yake. "Nyumba hii mnaishi na nani?"

Mama alishusha pumzi. Fyuuu! "Tunaanza tena."

Toa, kunja, kapuni!

Safari hii Tumpe hakwenda mbali. Alijificha nyuma ya mlango wa chumbani. Akasubiri.

Chwa, chwa, chwa. Hizo zilikuwa ndala.

Mtu aliingia. Akainama kwenye kikapu. Akachukua vitambaa vitatu.

"Bibi!" alisema Tumpe. "Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi, ndiyo," alisema Bibi. "Mgeni yumo ndani na makochi yako uchi. Uso wangu nitauweka wapi?"

Mama alikuja mbio. Bwana Sengo alikuja nyuma yake.

"Mama, jamani!" alisema Mama. "Ni picha tu!"

"Na picha hizo zinaonwa na watu wangapi?" aliuliza Bibi.

"Zikishawekwa mtandaoni?" Bwana Sengo alifikiri. "Hata elfu kumi, Bibi."

Bibi alishika kichwa.

"Wageni elfu kumi! Tumpe, lete kitambaa kingine. Tufunike hata ndoo!"

Mama alikaa chini, hapo hapo sakafuni. Fyuuu!

Ilikuwa saa tano na nusu. Wingu jeusi lilikuwa limefika juu ya mlima.

"Mama Tumpe, mvua inakuja," alisema Bwana Sengo. "Mwanga utaondoka. Na saa sita ninatakiwa kwenye nyumba nyingine."

"Sasa itakuwaje?"

"Nitarudi mwezi ujao."

Akaanza kukunja miguu ya kamera. Ka! Ka! Ka!

Mwezi ujao! Tumpe aliuona mwezi ujao uko mbali sana. Na Dodoma iko mbali zaidi.

Bibi alikuwa amekaa barazani. Tumpe alikwenda kukaa karibu naye.

"Bibi."

"Abee, mjukuu wangu."

"Juzi ulifua vitambaa vyote. Mama Subi jirani akaja. Akakaa kwenye kochi tupu."

"Alikaa, ndiyo."

"Hukusema kitu."

"Niseme nini? Mama Subi si mgeni. Anakunywa chai hapa kila siku."

Tumpe alifikiri. "Na huyu mjomba wa kamera?"

"Huyo?" Bibi aligeuza uso. "Huyo amekataa chai yangu. Huyo ni mgeni kabisa!"

Tumpe alisimama. Akakimbia.

Bwana Sengo alikuwa anafunga mzigo kwenye pikipiki.

"Mjomba! Mjomba, usiondoke! Kunywa chai!"

"Nimeshiba, mtoto mzuri."

"Kunywa tu, mjomba! Usipokunywa, wewe ni mgeni. Na ukiwa mgeni, vitambaa vitarudi!"

Bwana Sengo alimtazama Mama. Mama alitazama wingu.

"Kaa," alisema Mama. "Nakuomba. Kaa unywe."

Bwana Sengo akarudi ndani. Akakaa kwenye kochi, juu ya kitambaa, kwa sababu Bibi alikuwa ameshavirudisha vyote.

Bibi alimimina chai ya maziwa. Chururuuu! Akaweka na sahani ya viazi vitamu.

Bwana Sengo alikunywa haraka.

"Polepole," alisema Bibi. "Utajiunguza. Kwenu ni wapi?"

"Rungwe, Bibi."

"Ala! Na mama yako hajambo?"

"Hajambo, Bibi."

Bwana Sengo alichukua kiazi kimoja. Akachukua cha pili. Mkono ukaenda kwenye cha tatu.

"Si ulisema umeshiba?" aliuliza Bibi.

"Nilisema tu, Bibi."

Bibi alicheka mpaka mabega yakatikisika. Akamwongezea chai. Chururuuu!

Mama alisimama dirishani. Alitazama wingu, kisha kikombe, kisha wingu. Hakusema kitu. Ilimchukua nguvu kubwa kutosema kitu.

Kikombe cha pili kikaisha.

"Bibi," aliuliza Tumpe, "bado ni mgeni?"

Bibi alimtazama Bwana Sengo kutoka viatuni hadi kichwani.

"Huyu? Huyu sasa ni mtu wa hapa. Haya, baba, inuka. Umekalia kitambaa changu."

Na Bibi mwenyewe akaanza.

Toa, kunja, kapuni! Cha kochi, cha televisheni, cha redio. Toa, kunja, kapuni! Cha friji, cha jagi. Hata cha ndoo.

Tumpe alikaa juu ya kikapu ili kisifunguke.

"Haraka!" alisema Mama. "Haraka, kabla hajabadilisha mawazo!"

Kacha! Sebule. Kacha! Jikoni. Kacha, kacha! Chumba cha Bibi, chumba cha Mama, uwanja wa nyuma.

Picha moja ilikuwa na kuku. Bwana Sengo aliirudia.

Simu yake ililia. Ni wale wa nyumba nyingine.

"Niko njiani!" alisema Bwana Sengo. "Nimeshafika hapo kwenye kona!"

Alikuwa amesimama bafuni.

Kacha! Bafu.

Saa sita na robo, tone la kwanza lilianguka. Ti! Likaja la pili. Ti! Kisha mvua yote, pwaaa! juu ya bati.

Bwana Sengo alikuwa amemaliza.

Jioni ile picha ziliwekwa mtandaoni. Mama alimwonyesha Bibi kwenye simu. Bibi alizitazama moja moja.

"Hmm," alisema. "Nyumba ni kubwa. Sikujua."

Jumatano, mwalimu mmoja na mke wake walikuja kuiona nyumba. Walizunguka ndani mara mbili. Wakazunguka nje mara moja. Wakasema wanaitaka.

Mwezi uliofuata, Mama, Bibi na Tumpe walipanda basi alfajiri. Jioni wakafika Dodoma. Baba alikuwa stendi. Tumpe alimwona kabla hajashuka, akagonga kioo kwa mikono miwili.

Saa mbili usiku, Tumpe alikuwa kitandani. Baba alimfunika shuka, akakaa mpaka Tumpe alipolala.

Kisha Baba akazima taa.